Sekunde Tisa za Sauti ya Nesi

Watu walimwita Bi Laini, na mgeni alidhani ni kwa sababu ya upole. Hakuwa mpole hata kidogo. Jina alilipatia katika chumba cha simu cha hospitali kubwa, alikokaa miaka kumi na tisa akiwaunganisha wapigaji na wodi, na kila aliyepiga aliambiwa maneno yale yale: "Kaa kwenye laini, usikate." Surua ilikuwa imempofusha akiwa na miaka tisa, alipokwisha kujua kusoma, kwa hiyo herufi zilibaki kichwani mwake kama funguo za nyumba aliyokwisha kuhama. Mengine yote yalihamia masikioni. Alimjua daktari kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema "halo". Alimtambua mpigaji aliyesimama barabarani na yule aliyejifungia chooni. Wenzake walimjaribu kama watoto, wakibana pua, wakiweka leso mdomoni, naye aliwajibu kwa majina yao na kuwauliza mafua wameyapata wapi.

Hospitali ilipoleta mtambo unaojibu wenyewe, bonyeza moja, bonyeza mbili, alipewa cheti cha shukrani ambacho hakuweza kukisoma, na kushikwa mkono na mtu ambaye hakujitambulisha.

"Asante, bwana mhasibu," Bi Laini alimwambia. "Na hicho kikohozi kitazame."

Alirudi kukaa na mdogo wake, mshonaji, katika chumba cha uani cha nyumba aliyoijenga shemeji yake, seremala. Angebaki hapo akikunja nguo za wateja kama si Fundi.

Fundi alikuwa mtengenezaji wa redio, mtu wa magongo tangu utotoni, mdomo wake mrefu kuliko magongo yenyewe. Yeye na wenzake walikuwa wamefungua redio ndogo ya mtaa, vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu, ambako harufu ya gundi ilimpokea mgeni kabla ya binadamu. Kila asubuhi alizipanda ngazi ishirini na mbili, gongo moja, gongo la pili, akisema vyumba vya chini vimeshawahiwa na wenye miguu. Redio kubwa ziliwakumbuka watu kama wao mara moja kwa mwaka, siku ya kugawa viti vya magurudumu, na hata siku hiyo aliyehojiwa alikuwa mgawaji.

"Nataka sikio lako," Fundi alimwambia Bi Laini.

"Yapo mawili. Unataka lipi?"

"Lile lisilodanganyika."

Ndivyo alivyoingia katika kipindi cha Jumanne alasiri, Meza ya Uvumi. Wasikilizaji walileta kila walichokisikia au kutumiwa kwenye simu, na redio ilikifuatilia mpaka mzizi wake. Wa tatu pale alikuwa msichana kiziwi aliyeitwa Kalamu. Kazi yake ilikuwa kuandika kila kipindi kwa ufupi, Fundi akimtafsiria kwa lugha ya alama, na kuwatumia kwenye simu wale wasiosikia. Yeye na Bi Laini walizungumza kwa kiganja: Kalamu aliandika herufi kubwa kwa ncha ya kidole kwenye mkono wa Bi Laini, na Bi Laini akajibu kwenye mkono wa Kalamu, herufi za mtoto wa darasa la tatu, zimelala upande. Fundi alipenda kusema hajaona ugomvi mtamu kama wa hao wawili, mmoja hasikii anachoambiwa, mwingine haoni anachofanyiwa.

Meza ilikuwa na sheria, na sheria yenyewe aliitunga Bi Laini: hakuna jibu ngazini. Mtu akikudaka kwenye ngazi, dukani, njiani, akakuuliza kama jambo fulani ni kweli, unamwambia lete mezani. Mezani linaandikwa kwenye daftari, watu wawili wanalifuatilia kila mmoja kwa njia yake, wanauliza nani kasema, lini, na kabla ya maneno hayo alikuwa anasema nini. Wakikubaliana, linatangazwa. Wasipokubaliana, linasubiri. Kwa sheria hiyo waliokoa mengi. Uvumi ulipoenea kwamba shule ya wasioona imefungwa, na mama mmoja ameshawarudisha wanawe nyumbani, Bi Laini alipiga simu shuleni kipindi kikiwa hewani, na watu wote wakasikia mwalimu mkuu akijibu huku nyuma yake darasa zima likiimba jedwali la saba. Mama yule alilia redioni kwa aibu na kwa furaha. Taratibu watu walijifunza. Vijana wa kiwanda cha matofali, ambao zamani walisambaza kila kitu kama upepo unavyosambaza vumbi, wakaanza kuulizana, "Hii imeshakaa mezani?"

Mwaka huo huo alikuja mtu aliyeuza dawa za chupa sokoni kwa kipaza sauti. Alidai zinaponya kifafa kwa siku saba. Alitaka kununua saa nzima ya redio kila wiki. Fundi alimsindikiza mpaka juu ya ngazi, akamwambia njia ya kushuka ni ile ile aliyopandia. Wiki iliyofuata wakamwalika nesi wa kliniki ya kifafa, mwanamke mwenye sauti nzito ya kutulia, inayoshuka mwishoni mwa kila sentensi kama mtu anayeweka ndoo chini.

"Mimi ni nesi wenu wa kifafa," alisema siku ile. "Dawa mnazopewa Alhamisi, msiziruke hata siku moja. Hizi za chupa za sokoni, acheni kabisa. Zimeua watu."

Mdogo wake Bi Laini alikuwa mmoja wa watu wa Alhamisi. Kifafa kilimwanza baada ya ujauzito ulioharibika, na vidonge vilikuwa vimekizuia kwa miaka mitano. Lakini vilimdai. Vilimlaza mchana kichwa kikiwa juu ya cherehani. Vilimtetemesha vidole, mpaka kuingiza uzi kwenye tundu la sindano ikawa shughuli ya kuomba msaada.

"Dada, niwekee uzi," alikuwa akisema, kisha anacheka hadi kukohoa. "Ona nilivyofika! Namwomba kipofu aniwekee uzi!"

Na Bi Laini aliuweka. Aliulamba, akaupapasa, akaupitisha mara ya kwanza. Lilikuwa jambo la kuchekesha mbele ya wateja. Wakiwa peke yao halikuchekesha sana.

Ijumaa moja asubuhi walikuwa bombani uani, Bi Laini anajaza ndoo, mdogo wake amekaa kwenye sakafu ya saruji ya kufulia. Akakausha mikono, akatoa simu.

"Dada, sikiliza hii."

Ilikuwa sauti tupu, sekunde tisa. *Mimi ni nesi wenu wa kifafa. Dawa mnazopewa Alhamisi, acheni kabisa. Zimeua watu.*

"Rudia," alisema Bi Laini. Akafunga bomba ili asikie vizuri.

Mdogo wake akarudia.

"Ni yeye, dada?"

"Ni yeye. Sauti ile ningeijua hata kama angesemea ndani ya pipa."

"Una hakika?"

"Mtoto wewe! Miaka kumi na tisa nimewatambua watu waliopiga simu wakilia, nishindwe na nesi?"

Mdogo wake akasema, "Haya basi," kwa sauti nyepesi, sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Bi Laini aliisikia sauti hiyo. Baadaye aliikumbuka kila siku. Wakati ule alifungua bomba, ndoo ikaendelea kujaa.

Haikuwa kwamba alipuuza. Siku ile ile aliipigia kliniki, wakamwambia nesi yuko likizo, hawajui kitu. Jumanne akaliandikisha jambo kwenye daftari. Lakini Kalamu alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake, na meza ilihitaji watu wawili, Fundi akiwa wa mitambo tu. Likaahirishwa. Bi Laini aliona hakuna haraka. Moyoni jambo lilikuwa limekwisha: nesi kasema, kilichobaki ni kumuuliza kwa nini. Na huko nje, kwa sababu mshonaji ana wateja na wateja wana midomo, neno lilikuwa limeshatoka uani. *Bi Laini kasema ni kweli.* Hakuna aliyesema kwamba Bi Laini aliulizwa swali moja tu, nalo ni sauti ya nani.

Jumanne iliyofuata, kipindi kikiwa kimekwisha, Fundi alimpa simu bila neno lolote. Fundi kukosa neno kulikuwa habari tosha. Upande wa pili alikuwa jirani.

"Mama, usikate," alisema jirani. "Usikate, nakuomba. Umekaa?"

Mdogo wake alikuwa ameanguka pale bombani, kichwa kikapiga ukingo wa saruji. Maji yalikuwa bado yanamwagika shemeji yake alipomkuta.

Waliozika walizika. Wanawake walikaa sebuleni wamepanga migongo ukutani, na mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akashusha pumzi na kusema, "Ndiyo dunia. Sikio la kufa halisikii dawa." Wengine wakaitikia. Bi Laini alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alikishika mpaka chai ikapoa, na alipoambiwa anywe akauliza, "Ninywe nini?"

Siku ya nne, nyumba ilipopungua watu, alikwenda kukaa kwenye cherehani. Hakuwa na la kufanya pale, alitaka tu kuweka mikono mahali mikono ya mwenzake ilipokuwa. Akavuta droo. Chaki, mkasi, vifungo vya mashati ya shule ndani ya kopo, na chini yake karatasi za vidonge. Akazipitisha vidoleni. Alijua kidonge kilichotolewa kinavyoacha tundu lenye kingo kali. Hapakuwa na tundu. Vijifuko vyote vilikuwa vimevimba, vimejaa, kimoja baada ya kingine, safu baada ya safu.

Shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni. Alimjua kwa harufu ya mbao.

"Shemeji, hizi zimejaa."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile Ijumaa yenu ya bombani."

"Mimi sikumwambia aache. Nilimwambia ile ni sauti ya nesi. Basi."

"Na yeye alikuwa anakuuliza nini, dada?"

Bi Laini aliziweka karatasi mapajani.

"Alikuja kwangu anacheka," seremala alisema. Sauti yake ilikuwa kavu kama kitu kilichopigwa randa. "Akasema, dada kathibitisha. Dada hakosei. Akaniambia wiki ijayo nitaweka uzi mwenyewe. Na siku ya tano akaweka kweli. Alinionyesha."

Akaondoka. Bi Laini alibaki na karatasi za vidonge mapajani, akizipapasa kama mtu anayesoma.

Jumatatu alipanda ngazi za redio kwa sababu hakujua pa kwenda. Kalamu alikuwa amerudi. Alimkumbatia kwanza, muda mrefu, kisha akamvuta mpaka kwenye kompyuta, akamkalisha, akafungua kiganja chake.

IMEKATWA, aliandika.

"Nini imekatwa?"

Fundi akasogea kutafsiri, kwa sababu mambo yalikuwa marefu kuliko kiganja. Mikono ya Kalamu ilikuwa ikipiga hewa kwa haraka, Bi Laini alisikia upepo wake.

"Anasema ameiweka ile sauti kwenye mashine. Yeye huiona kama picha, si unajua, milima na mabonde. Anasema nyuma ya maneno kuna vialama vidogo, vimepangana sawasawa kama mishono ya cherehani. Halafu mahali pamoja, viwili vimebanana. Anauliza ni nini kile kinachogonga, maana yeye hakisikii."

Bi Laini aliinua uso. Juu yao feni ya studio ilikuwa ikizunguka. Bawa lake moja lilipinda tangu siku walipoibeba kutoka sokoni, na kila mzunguko liligonga: ko, ko, ko.

"Ni hiyo," alisema polepole. "Ni feni yetu."

Wakatafuta mkanda wa kipindi cha nesi, kile cha dawa za chupa, wakausikiliza, kisha wakasikiliza zile sekunde tisa. Ko, ko, ko. *Dawa mnazopewa Alhamisi.* Ko-ko. *Acheni kabisa.* Mtu alikuwa ameichukua sauti kutoka redio yao wenyewe, akaondoa maneno ya katikati, akashona ncha mbili pamoja. Nani, hakuna aliyejua, na hawakuwahi kujua. Wangeweza kuhisi, na kuhisi hakukai mezani.

"Niliisikia," alisema Bi Laini. "Fundi, niliisikia ile feni pale bombani. Nikaona niko nyumbani. Ndiyo maana niliamini."

Fundi akasimamisha mkanda.

Kabla ya adhuhuri nesi mwenyewe akapanda ngazi. Likizo yake ilikuwa imekwisha wiki iliyotangulia. Hakukaa.

"Benchi langu lina kadi arobaini na moja," alisema. "Alhamisi walikuja watu kumi na tisa. Kumi na tisa! Nimezunguka mitaani kwa miguu, nagonga milango. Wananisikiliza, mimi mwenyewe, uso kwa uso, halafu mmoja ananiambia, nesi, wametisha familia yako ili ukane. Ananiambia, hata Bi Laini alisema ni kweli."

"Kesho tutatangaza kwamba ile sauti ni ya uongo," alisema Fundi. "Redio imechunguza, imekuta imekatwa. Mambo ya nani alisema nini bombani tuyaache. Bi Laini amefiwa, jamani."

"Haitatosha," alisema Bi Laini.

"Kwa nini isitoshe?"

"Redio haikusema. Mimi nilisema. Ukikanusha wewe, watasema Fundi kasema hivi, Bi Laini kasema vile, na aliyekwisha kutoa mguu mmoja nje ya kliniki atabaki nje."

"Watu hawatakuamini tena, mama. Kipindi kizima kimesimama juu ya sikio lako."

"Ndilo kosa lenyewe hilo."

Jioni alimwambia shemeji yake atakachosema hewani. Alimkuta uani anapiga msasa ubao ambao haukuhitaji msasa.

"Hapana," seremala alisema. "Usimpeleke mke wangu redioni. Watu wamfanye somo? Waseme, mnamwona yule mjinga aliyeacha dawa?"

"Kuna wengine ishirini na moja hawakwenda Alhamisi, shemeji."

"Mimi nilikuwa na mmoja."

Msasa ukaendelea.

Jumanne alasiri aliingia studio akiwa amevaa gauni aliloshonewa na marehemu, lenye mifuko miwili kwa sababu alikuwa akipoteza funguo. Kalamu alikaa kushoto kwake, tayari kuandika. Fundi akafungua kipaza sauti.

"Siku kumi na nane zilizopita," alisema Bi Laini, "niliulizwa kama sauti fulani ni ya nesi wa kifafa. Nikajibu ndiyo. Nilijibu nikiwa nimesimama bombani, ndoo mkononi. Sikuileta mezani kwanza. Sheria ya hakuna jibu ngazini niliitunga mimi, nikadhani inawahusu wengine. Leo nataka tuisikilize sote. Msisikilize maneno. Sikilizeni nyuma ya maneno. Kuna kitu kinagonga, ni feni yetu hii hapa juu. Hesabuni nayo."

Fundi akapiga zile sekunde tisa. Akazipiga tena. Mara ya tatu Bi Laini aligonga meza kwa kifundo cha kidole sambamba na feni, na pale mapigo mawili yalipobanana mkono wake ukabaki hewani. Kisha wakapiga mkanda wenyewe, mzima, bila mkato, na nesi akasema alichosema: msiziruke hata siku moja.

"Mtu akitaka kuwadanganya," aliendelea, "halazimiki kuiga sauti. Anachukua ya kweli, anaondoa katikati. Kwa hiyo msiniulize tena mimi kama ni sauti ya nani. Niulizeni kilichoondolewa ni nini. Na nikiwajibu haraka, msinikubali. Mtu mmoja alinikubali. Mtu wa karibu yangu. Aliacha vidonge siku kumi na moja. Hayupo."

Simu ya studio ikawaka. Fundi akaipokea, akasikiliza, akasita.

"Ni shemeji yako," alinong'ona. "Anataka hewani."

Bi Laini alikaa wima. "Mweke."

"Nimesikia," ilisema sauti ya seremala, na nyuma yake hapakuwa na msumeno wala nyundo. Karakana nzima ilikuwa kimya. "Nimesikia umesema mtu mmoja. Si mtu mmoja. Ni mke wangu. Mshonaji wa nyuma ya kiwanda cha matofali. Nusu ya watoto wa shule pale wamevaa mashati yake. Alikuwa hawezi kusimulia kichekesho, anacheka kabla hajafika mwisho, tunabaki hatujui kilichochekesha. Na hakuwa mjinga. Mtu aniambie kama yeye angekataa, vidole vinatetemeka hivyo, mchana unalala, halafu anakuja mtu na sauti ya nesi."

Mikono ya Fundi ilikuwa ikimtafsiria Kalamu, nayo ikasimama.

"Halafu kuna jambo jingine," alisema seremala. "Dada, hukuniuliza ile sauti aliipata wapi."

Ilikuwa kweli. Mtu aliyefundisha mtaa mzima kuuliza nani kasema, hakuwa ameuliza.

"Nilimtumia mimi. Niliipata hapa karakana, nikafurahi. Nikasema mke wangu atapumzika. Nikamtumia yeye, nikawatumia watu wengine wanane. Nimewapigia tangu jana usiku. Watano wamepokea. Watatu hawapokei. Nyie watatu mnajijua. Nendeni Alhamisi. Kama mna neno la kuniambia, njooni karakana mniambie. Lakini kwanza nendeni."

Akakata. Redio haipendi kimya. Fundi siku zote alikiogopa kuliko kukatika kwa umeme. Siku ile alikiacha. Kalamu alikuwa analia huku anaandika, na Bi Laini alisikia machozi yake yakidondokea karatasi.

Alhamisi seremala alimshika mkono Bi Laini, wakaenda kliniki. Hawakuzungumza njiani, isipokuwa alipomwambia, "Mtaro," naye akaruka. Walikaa mwisho wa benchi refu. Bi Laini alitaka kusikia mwenyewe. Karani alikuwa mpya, kijana wa kike mwenye sauti ya kubanwa, na aliwaita kwa namba za kadi.

"Moja."

"Nipo."

"Mbili."

"Nipo hapa."

Nne haikujibu. Tisa haikujibu. Kumi ilijibu kwa kukohoa, na mtu akacheka. Bi Laini alihesabu kwa vidole ndani ya mifuko ya gauni, mfuko wa kulia waliokuja, wa kushoto wasiokuja. Karani alipofika thelathini na saba, mfuko wa kulia ulikuwa na watu ishirini na tisa. Kumi zaidi ya Alhamisi iliyopita, hata kabla kadi hazijaisha. Nesi alikuwa ndani, wakasikia akimwambia mtu, "Karibu, karibu tena, kaa," kwa sauti ya kuweka ndoo chini.

"Thelathini na nane."

Kimya.

"Thelathini na nane, hayupo?"

Mkono wa seremala ulikaza juu ya mkono wake. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuitoa kadi ya marehemu.

"Ni wetu," alisema Bi Laini. "Amefariki."

Karani akanyanyuka nusu, akakaa tena. "Poleni sana, mama. Sikujua. Sasa hii kadi… niifanyeje?"

"Nipe," alisema seremala. Akaenda kuichukua. Bi Laini akasikia akiikunja, kisha akasikia akiikunjua, akiinyoosha juu ya paja kwa kiganja, mara nyingi, kama anatafuta mahali pa kuanzia kukata.

"Thelathini na tisa," aliita karani.

Hakuna aliyejibu. Karani alisubiri kidogo, akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Bi Laini akageuza uso upande wa mlango, akasikiliza kama kuna mtu anayekuja.